Damu Katika Mkojo: Somo Kuhusu Saratani ya Figo

Tunaanza somo hili kwa mfano tuliotunga wenyewe, ingawa yote yaliyomo hutokea kweli.

Mkulima mmoja wa maharage, mkazi wa kijiji kilicho karibu na Mtendeli, anaamka asubuhi na kuona mkojo wake umekuwa mwekundu. Hana maumivu yoyote. Siku ya pili hali ni ile ile. Siku ya tatu mkojo umerudi katika rangi yake ya kawaida. Mkewe anamshauri aende zahanati, lakini yeye anaona jambo limekwisha. Baada ya miezi mitatu damu inarudi. Safari hii anakwenda duka la dawa, anaeleza shida yake kwa sauti ya chini, na anauziwa vidonge vya kichocho. Damu inakoma, naye anavisifu vidonge. Inaporudi mara ya tatu, ananunua mnadani chupa ya dawa iitwayo ya kusafisha figo. Damu inakoma tena. Mwaka unapita. Anapofika hospitali amekonda, anakohoa, na upande wa kushoto wa tumbo lake una uvimbe unaoshikika kwa mkono.

Mkulima huyu hakuwa mzembe. Kila mara alitafuta msaada na kulipa kwa fedha yake. Kilichomponza ni fikra moja: kwamba damu ikikoma, ugonjwa nao umekoma. Shabaha ya somo hili ni kuiondoa fikra hiyo. Tutaeleza figo ni kiungo gani, saratani yake husababishwa na nini, hujionyeshaje na huenea vipi. Kisha tutaonyesha jinsi mtumiaji wa huduma za afya katika wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu anavyoweza kuilinda afya yake pamoja na fedha yake.

1. Figo na kazi yake

Kwa kawaida kila mtu ana figo mbili. Zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja ina ukubwa unaokaribia ngumi ya mtu mzima, na umbo lake hufanana na punje ya haragwe. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja hadi mbili hutoka kama mkojo.

Kuchuja damu siyo kazi yake pekee. Figo husaidia kurekebisha shinikizo la damu, huamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, na huiandaa vitamini D ili mifupa iwe imara. Kwa sababu hiyo, figo inapougua, dalili zaweza kuonekana mbali na figo yenyewe: katika damu, katika mifupa, au kwa homa isiyoeleweka chanzo chake.

2. Saratani huanzaje

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno. Kila chembe ina maagizo yanayoiambia lini ikue, lini igawanyike na lini ife ili mpya ichukue nafasi yake. Maagizo hayo yakiharibika, chembe yaweza kuanza kugawanyika bila kikomo. Kundi la chembe zilizoasi hujenga uvimbe. Uvimbe huo ukipata uwezo wa kupenya viungo vya jirani au kusafiri kwenda sehemu nyingine za mwili, huitwa saratani.

Kwa watu wazima, aina iliyo ya kawaida zaidi huanzia katika vijirija vinavyochuja damu ndani ya figo. Nyingine huanzia mahali mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka kwenye kibofu. Watoto wana aina yao, ambayo tutaieleza katika sehemu ya tano.

Mwaka 2022 peke yake, zaidi ya watu 430,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya figo, na zaidi ya 150,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wanaume huupata takriban mara mbili zaidi ya wanawake. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala chumba kimoja wala kumhudumia mgonjwa. Hakuna mtu anayeweza kumtupia mwenzake saratani, na anayemshuku jirani yake hupoteza muda ambao uvimbe unautumia kukua.

3. Mambo yanayoongeza hatari

Si rahisi kumwambia mgonjwa mmoja kwa hakika ni kitu gani kilichomletea saratani. Wataalamu wamethibitisha, hata hivyo, mambo kadhaa yanayoongeza uwezekano wa kuipata.

Uvutaji wa tumbaku. Sumu za moshi huingia katika damu kupitia mapafu, na damu hiyo huchujwa na figo. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayolima tumbaku, na wapo wanaovuta sigara za dukani pamoja na wanaosokota jani la shambani. Jani la shambani halina usalama zaidi kwa kuwa halikupita kiwandani. Anayeacha kuvuta hupunguza hatari yake kadiri miaka inavyopita.

Unene uliopita kiasi. Jambo hili halihusu wakazi wa mijini peke yao.

Shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu hauumi, na wengi huishi nao bila kujua. Kupimwa shinikizo huchukua dakika chache, na ni huduma ambayo kila mtu mzima anapaswa kuiomba anapofika kituo cha afya kwa shida yoyote.

Figo zilizokwisha kushindwa kazi. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine kwa miaka mingi huwa katika hatari kubwa zaidi.

Urithi wa ukoo. Koo chache hurithi kasoro inayoleta saratani ya figo, mara nyingi katika umri mdogo. Aidha, ipo aina adimu na kali inayowapata hasa vijana waliorithi kasoro ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, hata kama wao wenyewe hawaugui selimundu. Kijana wa namna hiyo akiona damu katika mkojo, asiambiwe tu kuwa ni selimundu, apimwe.

Baadhi ya dawa na kemikali. Dawa ya maumivu iliyoitwa fenasetini iliondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kuonekana kwamba huharibu figo na kuleta saratani katika njia ya mkojo. Kemikali ya kuondolea grisi kwenye vyuma, iitwayo trikloroethilini, nayo inajulikana kuleta saratani ya figo kwa wafanyakazi wanaoivuta kwa muda mrefu. Ipo pia mimea fulani yenye sumu, ambayo tutairudia katika sehemu ya nane.

Msomaji atambue kwamba kuwa na mojawapo ya mambo haya si hukumu. Wengi walio nayo hawapati saratani, na baadhi ya wanaoipata hawakuwa na hata moja.

4. Dalili zake

Dalili ambayo kila mtu anaweza kuiona bila kifaa chochote ni damu katika mkojo. Mkojo waweza kuwa wa rangi ya waridi, mwekundu au wa kahawia, na pengine ukawa na mabonge madogo ya damu. Mambo mawili kuhusu damu hii ni ya kushika moyoni.

La kwanza, mara nyingi haiambatani na maumivu. Mtu anayekojoa bila kuungua huona hana haraka. Lakini damu isiyouma ndiyo inayopaswa kututia shaka zaidi, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya figo kwa kawaida huuma.

La pili, huja na kutoweka. Mshipa mdogo ndani ya uvimbe huvuja, kisha huziba wenyewe, na mkojo hurudi katika rangi yake kwa wiki au miezi. Katika kipindi hicho uvimbe unaendelea kukua. Kwa hiyo dawa yoyote iliyotumiwa siku ya mwisho ya damu, iwe kidonge, majani au maji matupu, itaonekana imeponya. Sifa nyingi zinazotolewa sokoni kwa dawa za figo huzaliwa hapo.

Si kila mkojo mwekundu ni damu, wala si kila damu ni saratani. Anayetumia dawa za kifua kikuu aweza kuona mkojo wa rangi ya machungwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Kichocho cha kibofu, ambacho ni cha kawaida katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa na pwani ya nchi yetu, huleta damu mwishoni mwa kukojoa, na kikiachwa kwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu. Mgonjwa wa malaria kali aweza kukojoa mkojo mweusi kama chai nzito. Hiyo ni dharura ya saa ile ile, akimbizwe hospitali. Kwa kuwa sababu ni nyingi, haifai kukisia. Anayestahili kueleza chanzo cha damu ni mtaalamu aliyepima, na mwenye duka asiyepima hawezi kuchukua nafasi yake.

Dalili nyingine ni hizi:

- maumivu ya ubavuni au kiunoni upande mmoja, yasiyoondoka kwa kupumzika;
- uvimbe unaoshikika ubavuni au tumboni;
- kukonda bila kukusudia na kukosa hamu ya kula;
- homa ya mara kwa mara ambayo vipimo vya malaria havioni chanzo chake;
- uchovu na upungufu wa damu;
- mishipa ya korodani kuvimba ghafla kwa mwanamume mtu mzima, hasa upande wa kushoto.

Vitabu vya zamani vilifundisha dalili tatu pamoja: damu, maumivu na uvimbe. Lakini ni takriban mgonjwa mmoja tu kati ya kumi anayekuwa nazo zote, na mara nyingi ugonjwa wake umekwisha kwenda mbali. Anayesubiri zitimie tatu amechelewa.

Tunajua pia kwamba wakulima wengi huumwa mgongo, na wengi wao hawana saratani. Jembe linatosha kuwa sababu. Maumivu ya mgongo peke yake yasimnyime mtu usingizi. Lakini maumivu yanayofuatana na damu, kukonda au homa yasifunikwe kwa vidonge. Diklofenaki na dawa za jamii yake, zikimezwa kila siku kwa muda mrefu, zinaweza kuziumiza figo zenyewe.

5. Figo za watoto

Watoto wana saratani ya figo iliyo tofauti, iitwayo uvimbe wa Wilms kwa kumbukumbu ya Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1899. Wengi wanaoipata wana umri wa chini ya miaka mitano. Mtoto mara nyingi anacheza na kula kama kawaida. Mama anapomwogesha au kumfunga mgongoni ndipo anapohisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo.

Katika nyanda zetu zenye malaria, tumbo lililovimba huhusishwa upesi na bandama au minyoo, na mtoto huchanjwa chale au kukandwa tumbo. Tunawasihi wazazi na bibi zetu wasifanye hivyo. Uvimbe wa Wilms una ganda jembamba. Ukikandwa kwa nguvu waweza kupasuka, na chembe za saratani zikamwagika tumboni. Hata mtoa huduma anapaswa kuupapasa kwa upole, na mara chache.

Habari njema ni kwamba saratani hii inatibika. Katika nchi zenye uwezo, takriban watoto tisa kati ya kumi wanaougua hupona kwa kuunganisha dawa na upasuaji. Katika nchi nyingi za Afrika wanaopona ni wachache zaidi, hasa kwa sababu watoto hufika wamechelewa au huacha matibabu katikati. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiweka saratani hii miongoni mwa sita za watoto zinazopewa kipaumbele, kwa shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kati ya kila 100 wenye saratani wawe wanapona. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutibu watoto wenye saratani kwa kushirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, na matibabu hayo hutolewa bila malipo. Mzazi asimrudishe mtoto nyumbani kwa kuhofia gharama kabla ya kuuliza.

6. Jinsi saratani ya figo inavyoenea

Madaktari huigawa safari ya ugonjwa huu katika hatua nne.

Katika hatua ya kwanza, uvimbe umo ndani ya figo na hauzidi sentimita 7, karibu upana wa kiganja. Katika hatua ya pili umezidi kipimo hicho, lakini bado umo ndani ya figo. Katika hatua ya tatu umetoka na kuingia katika mafuta yanayoizunguka figo, katika mshipa mkuu unaotoa damu ndani ya figo, au katika tezi za limfu zilizo jirani. Katika hatua ya nne umevuka utando unaoizingira figo, au umefika viungo vya mbali.

Njia kuu ya safari ni damu. Figo hupitisha damu nyingi, na saratani yake ina tabia ya kuota ndani ya mshipa kama mzizi ndani ya bomba. Mara nyingine mzizi huo hupanda katika mshipa mkubwa hadi kuukaribia moyo. Chembe zinazomeguka hufikia kwanza mapafu, na ndiyo maana mgonjwa wa mfano wetu alikuwa akikohoa. Mifupa, ini na ubongo pia hufikiwa. Mfupa ulioshambuliwa huuma usiku na waweza kuvunjika kwa kishindo kidogo.

Tofauti ya hatua hizi ndiyo tofauti ya maisha. Saratani iliyo ndani ya figo huweza kuponywa kabisa kwa upasuaji. Iliyokwisha kuenea kwa kawaida hudhibitiwa tu, kwa dawa za gharama kubwa. Mwaka ambao mkulima wetu aliupoteza ndiyo thamani halisi aliyolipia vidonge na chupa.

7. Vipimo, matibabu na njia ya rufaa

Kipimo cha kwanza ni cha mkojo, nacho hufanyika hata katika zahanati nyingi. Kipimo cha pili ni picha ya altrasaundi, isiyouma wala kutumia mionzi, ambayo huonyesha kama figo ina uvimbe. Mtu mzima aliyeona damu katika mkojo, ambaye hakugunduliwa kuwa na maambukizi, au aliyetibiwa na damu ikarudi, ana kila sababu ya kuomba picha hiyo. Maneno haya yanatosha: "Naomba nipigwe picha ya figo na kibofu, kwa kuwa nimeona damu katika mkojo." Uvimbe ukionekana, hufuata CT skani ya tumbo na picha ya kifua ili kujua hatua ya ugonjwa.

Tiba kuu ni upasuaji. Uvimbe mdogo huweza kukatwa peke yake na figo ikabaki. Uvimbe mkubwa hulazimu figo nzima kutolewa. Wengi hukataa kwa kudhani kuwa mtu hawezi kuishi na figo moja. Anaweza, iwapo iliyobaki ni nzima. Tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, wapo Watanzania waliojitolea figo moja hapa hapa nchini kwa ndugu zao, nao wanaendelea na shughuli zao.

Saratani ya figo ya watu wazima haisikii sana dawa za kemikali zinazotumika kwa saratani nyingine. Ugonjwa ulioenea hutibiwa kwa dawa zinazozuia uvimbe kujijengea mishipa ya damu, au zinazoamsha kinga ya mwili. Mionzi husaidia kupunguza maumivu ya mifupa. Pale uponyaji usipowezekana, ipo tiba shufaa: mofini ya kunywa huondoa maumivu makali, na mgonjwa anastahili kupewa bila kuonewa aibu wala kuambiwa avumilie.

Kwa mkazi wa Mtendeli, njia ya kawaida huanza katika zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Kutoka hapo mgonjwa aweza kupelekwa Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi penye taasisi ya magonjwa ya njia ya mkojo, au Dar es Salaam, ambako Muhimbili hufanya upasuaji na Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mionzi na dawa. Safari ni ndefu, hatutaificha. Kwa hiyo, kabla ya kupanda basi, hakikisha una barua ya rufaa, majibu yote, picha zenyewe pamoja na maelezo yake, na kitambulisho au kadi ya bima. Anayezisahau picha nyumbani huenda akalipia upya kipimo alichokwisha kulipia.

8. Tahadhari kuhusu dawa za "kusafisha figo"

Katika minada, stendi na simu zetu hutangazwa dawa zinazosemekana kusafisha figo, kuyeyusha uvimbe na kuponya maradhi kumi kwa chupa moja. Figo haihitaji kusafishwa; yenyewe ndiyo inayosafisha. Maji ya kunywa ni mema na hupunguza mawe ya figo, lakini hayaondoi uvimbe.

Hatusemi kila mti shamba ni sumu. Tunasema neno "asili" si hati ya usalama. Mapema miaka ya 1990, mjini Brussels nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolokia. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo, wengi wao wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa figo, na baadaye wengi wakaonekana kuwa na saratani katika njia ya mkojo. Walikuwa wakazi wa mji tajiri, wenye hospitali karibu. Walichokosa ni kujua kilichomo katika vidonge.

Kabla ya kutoa fedha yako, uliza:

- Je, chombo kina orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi?
- Je, dawa imesajiliwa? Dawa za kisasa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002.
- Je, muuzaji atakupa risiti yenye jina lake na mahali pa kumpata?
- Je, anakutaka uache dawa za hospitali au uahirishe kipimo?

Jibu la "ndiyo" kwa swali la mwisho linatosha kukuondoa hapo. Mwuzaji anayedanganya kuhusu uwezo wa bidhaa yake anavunja pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Hifadhi chupa, kifungashio na risiti, kisha utoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa mamlaka zilizotajwa. Ikiwa umekwisha kutumia dawa hiyo, mwambie daktari bila woga. Kuificha kutamfanya asome vipimo vyako vibaya.

9. Haki na wajibu wa mtumiaji wa huduma

Unayo haki ya kuelezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa. Asiyejua Kiswahili vizuri, akisema Kiha au Kirundi, aombe mkalimani. Na mkalimani huyo asiwe mtoto wake mdogo. Unayo haki ya kuhojiwa faraghani. Wanaume wengi huficha damu katika mkojo wakihofia kudhaniwa wana kisonono, lakini wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Unayo haki ya kuuliza gharama kabla ya kipimo, na kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali iwapo huna uwezo. Mwongozo wa serikali wa kuchangia huduma unatoa msamaha kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo.

Wajibu wako ni kusema ukweli wote kuhusu dawa ulizotumia, kutunza nyaraka, na kurudi tarehe uliyopangiwa hata kama unajisikia vizuri.

10. Maswali ya kujipima

Msomaji ajibu maswali haya, ikiwezekana pamoja na jamaa zake:

1. Kwa nini damu katika mkojo inayokoma yenyewe si dalili ya kupona?
2. Taja mambo matatu yanayoongeza hatari ya saratani ya figo. Ni yapi unayoweza kuyabadili mwaka huu?
3. Mama amehisi uvimbe mgumu tumboni mwa mtoto wa miaka mitatu. Afanye nini, na asifanye nini?
4. Saratani ya figo huenea kwa njia gani, na kwa nini mgonjwa aweza kuanza kukohoa?
5. Utamwambia nini mtoa huduma ili akuandikie picha ya altrasaundi?
6. Ni maswali gani manne utakayomwuliza muuzaji wa dawa mnadani?

Tunaurudia mfano wetu kwa mara ya mwisho. Iwapo mkulima yule angelikwenda zahanati asubuhi ile ya kwanza, akapimwa mkojo, na kupelekwa kupigwa picha ya figo, huenda uvimbe ungelikutwa ukiwa mdogo, na figo moja ingelibaki kumtosha kwa maisha yake yote. Wewe uliyesoma somo hili hadi mwisho umekwisha kujua asilolijua yeye. Ukiona damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikikoma kesho yake, nenda ukapimwe.